Paje Wakati wa Kusi: Maji, Kazi na Barua ya Vijana Wetu

Watu wa Biharamulo hatuna bahari, na tangu Chato ilipokatwa ikawa wilaya inayojitegemea, hata ziwa limetusogea mbali. Tulicho nacho ni upepo. Ifikapo Juni, mvua zikishakatika na nyasi zikianza kugeuka rangi katika vilima vya kuelekea Burigi, upepo wa kusini-mashariki hupita mjini ukibeba vumbi. Asubuhi huwa na baridi inayowafanya wazee wetu waje kuswali Alfajiri wamejifunika makoti mawili mawili. Pwani upepo wa ukoo huo huitwa Kusi, na majira yake ya baridi huitwa kipupwe. Huku kwetu upepo huu haumwiti mtu kutoka nje. Hutufungisha madirisha.

Katika majira hayo ndipo tulipofunga safari, wawili, katibu wa kamati ya msikiti na ustadhi wa madrasa, kwenda Unguja kumwoza ndugu yetu. Tulipoondoka, kamati ilikuwa na barua mezani. Vijana wa madrasa waliomba wapelekwe ziwani wakati wa likizo wakajifunze kuogelea. Kamati ilikuwa imegawanyika. Wapo walioona kuwa jambo hilo ni jema na lina asili katika mafundisho yetu, na wapo waliosema kwa uchungu kwamba watoto hawapelekwi kwenye maji yaliyokwisha kula watu. Waliosema hivyo hawakuwa waoga. Kagera ni mkoa wenye makaburi ya MV Bukoba.

Njia yenyewe ni ndefu: Lusahunga, Nyakanazi, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma, hata Dar es Salaam, kisha boti. Ndoa ilipokwisha, wenyeji wetu walitupakia daladala iliyopita msitu wa Jozani na kutushusha Paje, kijiji cha pwani ya mashariki. Walitaka tukaone, kwa maneno yao, "watu wanaofanya kazi na upepo".

Mtu wa bara akifika hapo mwezi wa Julai hushangazwa kwanza na mbingu. Tiara kubwa za rangi zote, kila moja pana kuliko chumba, zimetanda angani, na chini ya kila tiara yupo mtu amesimama juu ya ubao, anakokotwa juu ya maji. Vijana wa hapo huita mchezo huo "kaiti". Wachache hutumia ubao wenye mlingoti na tanga dogo, ambalo mchezaji hulishika kwa mikono miwili na kuligeuza kwa uzito wa mwili wake. Ubao wa tanga ni chombo kipya. Ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1960 na ukaingia katika Olimpiki mwaka 1984, mjini Los Angeles. Tiara ilifuata baadaye sana, katika Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024. Lakini mzee mmoja wa kijiji, aliyeendesha ngalawa ujana wake wote, alituambia kwamba yeye haoni upya wowote ndani yake. "Wanabisha tu," alisema, "kama tulivyokuwa tukibisha sisi. Ila sisi tulirudi na samaki."

Mahali penyewe pameumbwa kwa ajili ya jambo hilo. Mbali kidogo na ufuko upo mwamba unaoyavunja mawimbi makubwa, na ndani yake maji ni mapana, ya kina kifupi, chini mchanga. Kusi huvuma ikiambaa ufuko na kuelekea kidogo nchi kavu, kwa hiyo anayeanguka husukumwa pwani, hapelekwi baharini. Hilo tuliliweka moyoni, kwa sababu ziwani kwetu mambo si hivyo, kama tutakavyoeleza.

Ndugu msomaji, kilichotushughulisha zaidi ya tiara ni namna watu wale wanavyozipanga saa zao. Mtumishi wa ofisi anafuata saa ya ukutani. Muumini anafuata jua kwa ajili ya swala zake. Mtu wa Paje ana bwana wa tatu, naye ni mwezi. Bamvua, yaani maji makubwa, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Siku hizo maji ya Unguja hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi alasiri, na tofauti ya kina huweza kufikia takribani mita 4. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kadiri ya dakika 50. Baada ya wiki moja huja maji mafu, na saa zinakuwa zimegeuka: maji yanajaa asubuhi, yanapwa alasiri. Kwa hiyo hakuna awezaye kusema, "Mimi nitacheza kila siku saa kumi na moja." Mwezi hautii ratiba ya mwajiri.

Tulizungumza na kijana mmoja anayepika katika nyumba ya wageni. Zamu yake huanza alfajiri kwa ajili ya chai ya asubuhi na humalizika saa tisa. Siku za bamvua mambo humnyookea: anatoka jikoni, anaswali Alasiri, anaingia majini yakiwa yamejaa, na kabla ya Magharibi amekwisha kukunja tiara yake. Siku za maji mafu hubadilishana zamu na mwenzake, naye hulipa kwa kumpikia chakula cha usiku. Vifaa ni ghali mno kwa mshahara wa jikoni. Alianza kwa tiara kuukuu aliyoachiwa na mgeni, akaishona mwenyewe, na sasa anasaidia kufundisha katika msimu wa wageni wengi. Tulimwuliza iwapo hajawahi kuikosa swala kwa ajili ya upepo. Aliinama kidogo, akacheka. "Shekhe, upepo una hila. Ukiusikiliza, utakuambia bado kidogo, bado kidogo. Ndio maana naswali kwanza." Hatukumwuliza zaidi.

Alituambia pia kwamba wageni wake kutoka Ulaya huona ajabu wenyeji wanapolalamikia baridi ya kipupwe na kuvaa fulana nzito wakitoka majini. Huko kwao, mwenye kazi hungoja Jumamosi yenye upepo, akajibana ndani ya suti nene ya mpira, akaingia katika maji ya baridi kali kwa saa moja kabla jua halijazama. Akikosa upepo Jumamosi, hungoja wiki nyingine. Kijana wetu aliwahurumia. Sisi tuliona kwamba yeye na wao wana ugonjwa mmoja.

Lakini maji ya Paje si ya wachezaji peke yao. Yakipwa, wanawake hushuka na kamba zao. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza katika pwani hiyo mwaka 1989, Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi mno ni wanawake. Hukaza vigingi katika mchanga, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, na baada ya takribani wiki sita huvuna, wakaanika, wakauza. Wapo waliosomesha watoto kwa mwani. Kipupwe nacho kina wema wake kwa wakulima hao, kwa maana aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi huumia maji yanapopata joto, ingawa mawimbi ya Kusi nayo huweza kuukata.

Hapo ndipo penye shida ya kweli, na tusingependa kuipamba. Mashamba ya mwani na viwanja vya tiara ni maji yaleyale. Maji yakijaa, kamba hazionekani vizuri, na ubao ukipita juu yake unakata jasho la mtu. Mchezaji naye akianguka juu ya kigingi anaweza kuumia. Mama mmoja tuliyemkuta akibeba gunia la mwani mbichi, maji yakimchuruzika mpaka kwenye kanga, alituambia kwamba wageni wengi wanaoanza kujifunza hawajui kama hilo ni shamba. Wao huona majani. "Watoto wetu tumewaambia mapema," alisema. "Ukipita juu ya kamba ya mama yako, leo hulali ndani." Kwa maoni yetu, palipo na mzozo kati ya anayecheza na anayechuma riziki, anayecheza ndiye wa kusogea. Kijana wa jikoni hakupinga hilo hata kidogo. Mama yake analima mwani.

Kuhusu mavazi ya baadhi ya wageni ufukweni, wasomaji wetu wanaweza kujikisia, nasi tuligeuza macho tukaendelea na safari.

Jambo tulilokwenda nalo moyoni lilijibiwa bila sisi kuuliza. Kule Paje hatukumwona kijana aliyepewa tiara kabla ya kujua kuogelea. Na upande wa kaskazini wa kisiwa, Nungwi, upo mradi uitwao Panje, ambao umekuwa ukiwafundisha wanawake na wasichana kuogelea wakiwa na vazi linalositiri mwili mzima. Picha za wasichana hao, zilizopigwa na Anna Boyiazis, zilipata nafasi katika tuzo za World Press Photo za mwaka 2018. Ustadhi wetu alipoelezwa habari hiyo, alinyamaza kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: wanafundishwa na nani? Akajibiwa kwamba wapo wanawake waliokwisha kufunzwa, nao huwafunza wenzao.

Turudi ziwani. Ziwa Victoria lipo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, nalo lina pepo zake. Usiku na alfajiri upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na alasiri hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Wavuvi wa tanga hutoka na ule na kurejea na huu. Ni utaratibu mzuri mpaka dhoruba inapoingia. Anayeogelea alfajiri husukumwa ndani, wala hakuna mwamba wa kumkinga. Fauka ya hayo, wapo mamba na viboko, na katika maji tulivu yenye majani kuna konokono wanaobeba kichocho.

Na kuna kumbukumbu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu wetu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, ikaua watu zaidi ya 220. Kuogelea hakumwondolei lawama anayejaza chombo kupita kiasi, wala aliyenaswa ndani ya meli iliyopinduka haokolewi kwa ufundi wa mikono pekee. Hata hivyo, mtoto anayetumbukia kutoka mtumbwini, au anayeteleza akichota maji, hatuwezi kumwambia asubiri sheria za vyombo.

Kikao cha kamati kilichofuata kilikuwa kirefu. Kwetu ziwa halina bamvua, lakini nalo linautii mwezi kwa njia yake: wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwa kali hupumzika nchi kavu. Kwa hiyo katikati ya mwezi mwandamo, watu wanaoyajua maji kuliko sisi sote huwa hawana kazi. Mzee mmoja aliyekuwa akiipinga barua ndiye aliyelisema hilo. Aliwahi kuvua upande wa Nyamirembe. Mwingine akakumbusha kwamba siku hizo ni zilezile za tarehe 13, 14 na 15, za funga ya sunna. Ikakubaliwa iwe tarehe 16 na 17, alasiri, upepo ukielekea nchi kavu.

Yalibaki masharti. Ufuko uwe wa mchanga, usio na majani, uliochaguliwa na wenyeji wa mwalo. Watoto wasizidi kumi kwa mara moja, kila mmoja na boya lake, na mtumbwi ukae upande wa nje. Wazazi watie saini. Zahanati iulizwe kuhusu dawa za kichocho. Wasichana watakuwa na siku yao na mwalimu mwanamke. Bado hatujampata, na ustadhi amekataa katakata siku yao ifutwe kwa sababu hiyo. Mke wake amekubali kuanza yeye kujifunza.

Wavuvi wawili waliotafutwa wamekubali kufundisha bila malipo, wakiomba tu nauli ya pikipiki na chakula. Wao nao wametoa sharti moja: tusiwapelekee watoto siku za giza, kwa sababu saa hizo watakuwa wamelala.