Shelisheli: Visiwa Vilivyolipa Deni kwa Bahari

Sisi watu wa Pwani tumekula shelisheli tangu utotoni, la kuchoma, la kukaanga, la kupikwa kwa nazi, bila kujiuliza jina hilo limetoka wapi. Mwezi Aprili mwaka 2023, akina mama saba wa kanisa letu Mombasa tulikwenda kuviona visiwa vyenye jina hilo. Tulikuwa tumeweka akiba miaka mitatu. Mume wa mmoja wetu alisema tumekwenda kuzila fedha za karo, lakini hilo lilimalizwa nyumbani.

Kutoka Nairobi ni mwendo wa saa tatu hivi kwa ndege. Visiwa ni 115, na watu wote ni pungufu ya wakazi wa Likoni peke yake, wengi wao wakikaa kisiwa cha Mahé. Bahari yao, hata hivyo, ni zaidi ya mara mbili ya nchi kavu yote ya Kenya. Wana bahari kubwa na mfuko mdogo, na mwaka 2008 nchi ilishindwa kulipa madeni yake ya nje.

Walichofanya baadaye, mama yeyote wa chama atakielewa. Tuseme mwenzetu anadaiwa na watu wakali. Chama kinamlipia deni lile kwa bei nafuu, naye anakirudishia chama polepole, kwa masharti kwamba sehemu ya malipo itumike kulitunza shamba lake. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2015. Deni la dola milioni 21.6 kwa nchi za Ulaya lilinunuliwa kwa msaada wa shirika la kutunza mazingira la Marekani, The Nature Conservancy, nayo Shelisheli ikaahidi kuhifadhi asilimia 30 ya bahari yake. Ahadi ilitimizwa Machi 2020.

Katika soko la Victoria tulimwuliza muuza samaki mmoja anaonaje jambo hilo. Alituambia kuwa samaki wanahitaji mahali pa kuzalia, hilo hapingi, ila wakubwa wanapochora ramani, mwenye ngalawa ndogo huwa wa mwisho kuulizwa. Kisha akatuuzia samaki ghali kweli kweli. Yeye mwenyewe anakumbuka mwaka 1998, bahari ilipopata joto kupita kiasi na sehemu kubwa ya matumbawe ikafa. Joto lile halikuletwa na moto wa meko yao.

Wala taka za Aldabra si zao. Kisiwa hicho kiko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mahé, makao ya makobe wakubwa wapatao laki moja, na binadamu ni wachache tu wanaokilinda. Mwaka 2019 vijana wa kujitolea waliokota huko tani 25 za taka: nyavu, kamba, na ndala, ndala zisizohesabika, zilizoletwa na mawimbi. Tuliposikia habari hiyo tulitazamana, kila mmoja akikumbuka ndala iliyokatika aliyowahi kuitupa ufukweni. Wenyeji wenyewe walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, mwaka ule ule wa Kenya.

Bandarini tuliona mitambo minane ya kuzalisha umeme kwa upepo, iliyosimamishwa mwaka 2013. Siku ile mapanga yalikuwa yametulia tuli. Mwenzetu mmoja akauliza kama imeharibika. Hapana, Aprili kaskazi imekwisha na kusi haijaanza. Umeme mwingi wa nchi hiyo bado hutokana na mafuta yanayoletwa kwa meli.

Mlimani, Sans Souci, tulitembelea magofu ya shule ya misheni iliyoanzishwa mwaka 1876 kwa ajili ya watoto wa Waafrika waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Watoto hao walikuwa wa bara letu. Tulisimama pale kwa kitambo, hakuna aliyesema neno.

Sasa tuseme lile ambalo vijitabu vya watalii havitaji. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliiweka Shelisheli miongoni mwa nchi za kipato cha juu. Matibabu katika vituo vya serikali ni bure. Pamoja na hayo, makadirio ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa watu kati ya 5,000 na 6,000 walikuwa wakitumia heroini. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tulizijua sura zile barabarani kabla hatujaambiwa. Walichotufurahisha ni kuwa wameamua kumhesabu mtumiaji kuwa mgonjwa, na humpa methadoni kama inavyotolewa kwetu Pwani.

Mama aliyetukaribisha ana kijana anayekunywa dawa hiyo. Mmoja wetu naye ana wake Mombasa, jambo ambalo hakuwa amelifungulia mdomo tangu tuanze kuchanga fedha za safari. Waliketi wawili barazani mpaka giza likaingia, Kiingereza cha kuungaunga pande zote mbili, na sisi wengine tukaosha vyombo bila kuitwa.

Asubuhi mwenyeji wetu alitufungia shelisheli lililochomwa, lingali na moto. Tulilila njiani kuelekea uwanja wa ndege, na mwenzetu yule akaomba kipande cha pili.