Kijibwa cha Mama Mjane

Katika kijiji chetu, kando ya ziwa Tanganyika, mbwa ni mtu wa kazi. Analala nje, anakula anachokipata, usiku anabweka, na siku ya kuwinda anavikwa kengele ya mti shingoni, akaingia porini pamoja na bwana wake. Mbwa asiye na kazi hatumjui. Kwa hiyo mwaka jana, mama mmoja mjane aliporudi kutoka Lubumbashi na kijibwa ndani ya kikapu, watu wengi walitoka nyumbani kutazama. Masikio yake makubwa kama ya popo, macho yametokeza nje, miguu kama vijiti vya kuni. Watoto walisema ni panya. Wazee wengine walisema maneno mabaya zaidi.

Mama yule alikuwa amepika miaka mingi nyumbani mwa mgeni mmoja. Mgeni alipohama alimwachia mbwa wake. Ni hayo tu. Lakini sisi hatukuuliza. Tulisikia tu kwamba anamlisha mbwa samaki, na siku zile chakula kilikuwa haba katika nyumba nyingi. Basi, siku ya mafundisho ya wakatekumeni, tukasema mbele ya watu wote kwamba kuna wakristu wanaowatupia mbwa chakula cha watoto. Jina hatukulitaja, lakini macho yote yaligeukia upande mmoja.

Mama akasimama polepole. Akasema: « Mwalimu, mbwa wangu anakula makombo tu. Na yule mama Mkanaani wa Injili, si alimjibu Bwana Yezu hivyo hivyo, naye akasifiwa imani yake? » Kisha akaketi. Siku ile tulifunga mafundisho mapema.

Usiku tulifungua Injili ya Kigiriki, tuliyokuwa nayo tangu seminari, katika Mathayo sura ya 15. Tulilolisahau tuliliona tena. Neno lililoandikwa pale si mbwa mkubwa wa njiani. Ni kunaria, maana yake vijibwa, mbwa wadogo wanaokaa chini ya meza ya watu. Tuliona haya. Mwanafunzi alikuwa ameshika somo kuliko mwalimu wake. Tukasema moyoni: kabla ya kunena tena juu ya vijibwa, na tujifunze kwanza ni nini. Tulimwuliza daktari wa wanyama, tukasoma katika vitabu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kijibwa cha mama ni wa kabila la Chihuahua. Hilo ni jina la jimbo moja la nchi ya Meksiko, na katika mbwa wa dunia yote hakuna kabila dogo kupita hilo. Mbwa mzima ana uzito wa kilo 1 na nusu mpaka kilo 3 tu. Jogoo mnene anaweza kumshinda kwenye mizani. Mwaka 2023, kitabu cha Guinness, kinachoandika mambo yanayopita mengine yote duniani, kilimtaja Chihuahua mmoja wa Florida, kule Marekani, jina lake Pearl. Kimo chake ni sentimeta 9,14, uzito wake gramu 553.

Tabia za kabila hilo ni hizi. Mbwa huyu hujishikamanisha na mtu mmoja, wala hapendi wageni. Hubweka upesi, hata mbele ya mbwa aliye mkubwa mara kumi kuliko yeye. Hutetemeka akipatwa na baridi, kwa kuwa mwili mdogo hupoteza joto haraka. Wengi huzaliwa na mahali laini kichwani, kama utosi wa mtoto mchanga, na kwa wengine mahali hapo hapafungi kamwe. Mtoto akimwangusha mbwa huyu, anaweza kumwua. Lakini asipoumia huishi sana. Mbwa wakubwa mno hufa wakiwa na miaka 8 ao 10, naye hufika 14 na zaidi.

Wa pili ni Yorkshire Terrier wa Uingereza, mwenye kilo 3 hivi. Nywele zake ni ndefu na laini kama hariri, na leo matajiri humfunga utepe kichwani. Lakini asili yake si ya utajiri. Katika karne ya 19 wafumaji na wachimba makaa, wengine wao waliotoka Uskoti kutafuta kazi, ndio waliomfuga ili akamate panya. Alikula mkate wake kwa jasho, sawa na mabwana zake.

Habari ya mmoja wa kabila hilo ilitushangaza. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, askari Mmarekani alimwokota kijibwa katika shimo la vita huko New Guinea. Akaishia mikononi mwa askari mwingine, William Wynne, aliyemwita Smoky. Uzito wake haukufika kilo 2. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1945, kule Lingayen katika Ufilipino, ilipasa kupitisha waya za simu chini ya uwanja wa ndege. Palikuwa na bomba chini ya udongo, urefu wake meta 21, upana wake sentimeta 20 tu, na mahali pengine mchanga ulikuwa umeingia. Bila njia nyingine, askari wangechimba uwanja siku nyingi, na ndege zingekaa wazi mbele ya adui. Wynne alifunga kamba kwenye ukanda wa shingo ya Smoky, akaenda upande wa pili, akamwita. Kijibwa kilitambaa gizani, kikasimama, kikasogea tena, mpaka kikatokea mbele ya bwana wake. Kazi ya siku nyingi ilikwisha kwa dakika chache. Mbwa mkubwa wa kuwinda asingeweza kuingia katika bomba lile.

Wengine tuwataje kwa ufupi. Pomerania ametoka kando ya bahari ya Baltiki. Babu zake walikuwa wakubwa kuliko yeye, lakini Malkia Victoria wa Uingereza alileta mmoja mdogo kutoka Italia mwaka 1888, na tangu hapo watu wakazidi kuwataka wadogo. Papillon ana masikio yaliyofunguka kama mabawa, ndiyo sababu akaitwa kipepeo kwa Kifaransa. Na Griffon wa Bruxelles alianza kazi yake katika mazizi ya farasi, akifukuza panya.

Tunaweza kuuliza: udogo huo umetoka wapi? Mwaka 2007 wataalamu walionyesha kwamba jeni moja, iitwayo IGF1, ina nguvu nyingi katika kupunguza mwili wa mbwa. Mwaka 2022 wakaandika kwamba alama ile ya udogo ilikuwamo tayari katika mbwa mwitu wa Siberia aliyeishi yapata miaka 54.000 iliyopita. Basi mbegu ilikuwako tangu zamani katika viumbe vya Mungu. Kazi ya mtu ilikuwa kuchagua, akipandisha mdogo kwa mdogo, kizazi kwa kizazi.

Hapa ndipo mtu anapoweza kukosa. Wako wafanya biashara wanaochagua vidogo kuliko vyote, wakiviita mbwa wa kikombe, ili waviuze kwa bei kubwa. Vyama vikubwa vya wafugaji havilitambui kabila kama hilo. Na viumbe vile huteseka. Magoti huteguka, meno hubanana katika taya finyu, bomba la pumzi hulegea, na kijibwa kisipokula saa chache sukari ya damu hushuka mpaka kikazimia. Majike wengi hawawezi kuzaa wasipopasuliwa. Mungu alimpa mtu wanyama awatawale, wala hakumpa ruhusa ya kuwatesa ili apate cha kuchezea.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotoka mwaka 1992, katika namba 2418, inaweka mambo mawili pamoja: kuwatesa wanyama bure ni kinyume cha heshima ya mtu, na tena haifai kuwatumilia fedha zinazopaswa kwanza kuwaponya watu katika shida zao. Sisi tulikuwa tumeshika neno la pili, na kumpiga nalo mtu tusiyemwuliza habari zake.

Basi tulikwenda kwa mama. Kabla hatujapiga hodi, kijibwa kilibweka. Mama akatoka, akatuambia kwamba masikio yake yamekuwa mazito, asingetusikia. Kijibwa ndicho kinachomwambia kuna mtu mlangoni. Ndani tuliwakuta watoto wawili wa jirani wakila bukari. Walikuja mara ya kwanza kutazama mbwa, akasema mama, akaona wana njaa, na tangu siku ile wanakula kwake. Kijibwa kilikuwa chini ya meza, kikingoja vichwa vya ndakala.

Hatukuwa na neno. Tulimwomba radhi pale pale. Akasema: « Mwalimu, ulinisema mbele ya watu. » Ilikuwa kweli. Jumamosi iliyofuata tulisimama mahali pale pale, tukaungama kosa letu mbele ya wakatekumeni wote. Mama alikuwapo, mstari wa nyuma.

Daktari wa wanyama alipopita tena, mama alimleta mbwa wake, akapigwa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, kwa maana hata meno madogo huweza kuleta kifo. Wawindaji walicheka kidogo, kisha wakaenda kuwaleta mbwa wao.

Ndugu wasomaji, tukimwona jirani na kitu tusichokizoea, tuulize kwanza. Tukisha kuuliza, mara nyingi hatutakuwa na haja ya kuhubiri.