Jumamosi Tatu Shambani kwa Koko



Likizo ya mwezi wa nane tuliamua kutembea. Hatukwenda mbali, nauli ya kufika Mbarara tungeitoa wapi? Tulitoka Base Camp asubuhi na mapema, walimu 2 na wanafunzi 11, majembe mabegani, tukashika njia ya kuelekea Juru. Tulikuwa tunakwenda kwa Koko mmoja, bibi wa mwanafunzi wetu, ambaye shamba lake la nyuma ya nyumba lilikuwa limemshinda.

Anayefikiri Nakivale ni mahema na foleni tu hajapita njia hii wakati wa kiangazi. Vilima vimekauka, ng'ombe wa wenyeji wenye pembe ndefu wanapita na kukuachia vumbi lote, halafu kwa mbali unaona migomba ya Isingiro ingali kijani. Makazi haya yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia Rwanda. Yaani wakimbizi wengi wamelima hapa kabla yetu. Wao walikuja wakaondoka, majani yamebaki.

Kwa Koko tulikuta kipande kidogo: lengalenga, maharagi, mihogo michache. Wote tunajua bustani kama hiyo siyo mapambo. Mwezi wa 4 mwaka 2020 posho ilikatwa asilimia 30, mwaka 2021 ikakatwa tena, na mwaka 2023 familia zikaanza kugawanywa kwa makundi. Koko ana wajukuu 4. Lakini nusu ya shamba lake ilikuwa imefunikwa na sangari, ile nyasi inayotambaa chini kwa chini. Warundi na Wanyarwanda wanaiita urwiri, wenyeji hapa wanasema orumbugu. Kila mtu ana jina lake, maana kila mtu imemsumbua.

Jumamosi ya kwanza tulifanya kazi ya aibu, tunaikiri hapa. Tulishika majembe tukakatakata kwa nguvu, saa moja na nusu shamba likawa jeusi, tukajisifu. Koko alikuwa amekaa mlangoni anatuangalia tu. Mwisho akasema:

"Mwalimu, musikate vile. Mukikata munaipanda."

Na alikuwa na haki. Kile tunachokiita mzizi wa sangari ni shina linalosafiri chini ya udongo, lina mafundo, na kila fundo linaweza kutoa mmea mpya. Tulikuta kamba moja, tukaacha vipande 20. Na sisi ndio tunaofundisha sayansi darasa la sita!

Jumamosi ya pili tuliazima majembe mawili yenye meno. Hayo hayakati, yanainua. Unalegeza udongo, unaishika kamba kwa mkono, unaifuata taratibu mpaka mwisho wake, unakung'uta udongo, unaiweka juu ya turubai. Usiitupe chini pembeni, itashika tena. Mtoto mmoja alivuta kamba ndefu kumpita yeye mwenyewe, wenzake wakampigia makofi. Udongo wa kiangazi ni mgumu, mikono ilitoka malengelenge, lakini kiangazi ndiyo wakati wake: jua linaua kile ulichokitoa. Mvua ikinyesha, hata kipande kidogo kinafufuka. Tuliianika siku nyingi mpaka ikawa inavunjika kama kijiti, ndipo ikachomwa, majivu yakarudi shambani. Siku nzima hatukumaliza hata robo.

Karibu na mahali pa kuoshea vyombo kulikuwa na kongwa, yale majani laini yenye maua ya buluu. Yenyewe yanang'oka kirahisi, lakini yanadanganya. Shina likigusa udongo wenye maji linatoa mizizi, na chini ya ardhi kuna maua mengine madogo yaliyojificha, nayo yanazaa mbegu. Kwa hiyo utang'oa, na yataota mengine, utang'oa tena. Tuliyapeleka kwa wenye sungura, wakafurahi.

Kijana mmoja alipita akatuuliza kwa nini tunateseka wakati dawa ya kunyunyiza ipo dukani. Tulikataa. Dawa ile haichagui, upepo ukivuma maharagi yanakwenda pamoja na nyasi, na watoto wanacheza hatua 3 kutoka pale.

Shida yenyewe ilikuwa mpakani. Sangari ilikuwa inatoka kwa jirani, mzee mmoja Mrundi, ambaye kipande chake kilikuwa pori tupu. Yeye na Koko walikuwa hawasalimiani tangu walipogombana juu ya mpaka. Koko alitukataza kabisa kuchimba upande ule. "Akiona jembe pale atasema ninamwibia udongo." Tulikaa chini tukajadili, walimu wawili. Tukiacha mpaka, mvua 2 tu na kazi yote imekwenda bure. Tukichimba bila ruhusa, tunamwachia Koko vita, sisi tunarudi zetu Base Camp.

Basi tukaenda kumsalimia Mzee. Tulimkuta ameegemea ukuta. Tulianza na habari za nyumbani, hatukukimbilia majani. Alisikiliza, akasema: "Urwiri nauona, wanangu. Mgongo ndio unakataa. Huu mwaka wa pili siwezi kuinama."

Sisi hatukujua. Koko naye hakujua, alidhani ni dharau.

Mzee alikubali kwa sharti moja: kamba ivutwe kwanza kutoka jiwe la mpaka mpaka jiwe lingine, kiongozi wa kijiji akiwepo, na tuchimbe hatua moja kila upande. Jumamosi ya tatu ikawa hivyo. Mzee aliketi kwenye kigoda ameshika ncha moja ya kamba, Koko ncha nyingine. Mwanzoni waliongea habari za kamba tu, ilegezwe, ikazwe. Kufika saa sita walikuwa wanalalamikia bei ya matoke pamoja.

Tulichimba mfereji wa kina cha futi moja kando ya mpaka. Hauzuii kila kitu, ila nyasi ikitaka kuvuka unaiona kabla haijafika kwenye lengalenga. Palipokuwa safi tulifunika kwa maboksi, juu tukaweka nyasi kavu, na Koko akaacha nafasi ya viazi vitamu, maana majani yake yanafunika ardhi na sangari haipendi kivuli.

Mvua zilipoanza mwezi wa tisa tulirudi kuangalia. Sangari ilikuwa imechomoza mahali 17, zaidi pale tulipokatakata siku ya kwanza. Koko alikuwa ameweka kijiti kila mahali ili tusikosee. Upande wa pili wa mfereji, wajukuu wake walikuwa wanampandia Mzee viazi, mbegu zimetoka kwa Koko.

Majembe yale mawili yenye meno wenyewe wametuachia, yako shuleni. Anayehitaji kuazima amwone mwalimu wa zamu, siku yoyote isipokuwa Jumamosi asubuhi. Jumamosi tunakwenda nayo kwa Koko.