Nilimharibia Tata kilo 50 za maziwa kwa sababu ya digrii

Kwetu kila mtu anajua nilisoma uhandisi miaka miwili kabla ya kuacha chuo. Kwa familia, miaka miwili inatosha. Stima ikipotea naitwa mimi. TV ikikataa naitwa mimi. Na mimi, badala ya kusema sijui, huwa nasema "leta nione."

Ndivyo nilivyoingia kwa maneno ya yogati. Tata anakaa Ruiru, anapikia maduka matatu ya Kihunguro. Alikuwa amechoka na sufuria, akanunua tangi la mitumba kutoka Marekani. Lina kuta mbili na maji katikati, lakini hita lilikosa. Akaniuliza, "Ninunue hita ya nguvu gani?" Nikachukua kijitabu cha tangi nikakaa kama profesa.

Kijitabu kilisema joto mahususi la maziwa ni 0.93 Btu kwa paundi kwa digrii ya Farenhaiti. Yaani, ukitaka kupandisha paundi moja ya maziwa kwa digrii moja, unahitaji joto la Btu 0.93. Mimi nilitaka kilojuli, kilo na Selsiasi, juu hita za hapa zinauzwa kwa kilowati.

Nikaanza. Btu moja ni kilojuli 1.055. Paundi moja ni kilo 0.4536. Gawanya, unapata 2.326. Zidisha na 0.93, unapata 2.16. Ikabaki digrii. Nikakumbuka ile ya shule: toa 32, gawanya kwa 1.8. Nikajaribu kubadilisha digrii moja hivyo, ikaleta hasi 17. Nikaona huu ni upuzi, digrii ni digrii, nikaiacha hivyo.

Kwa hesabu yangu, kupandisha kilo 50 za maziwa kutoka digrii 20 hadi 85 kulihitaji kilojuli 7,030, karibu yuniti 2 za stima. Nikamwambia Tata anunue hita ya kilowati 2, awashe saa moja, basi. Nikarudi zangu Thika.

Siku ya kwanza akanipigia simu. "Saa moja imeisha. Lakini ulisema 85, na hii geji inasoma 125. Na sioni mvuke." Nilikuwa naedit video. Nikamjibu bila kufikiria, "Imepita kiasi Tata, zima, iko sawa."

Mshaona tayari. Geji pia ilikuwa ya Farenhaiti. 125 toa 32, gawanya kwa 1.8, ni digrii 52 za Selsiasi. Hayo maziwa hayakuwa yamekaribia kuiva. Yogati ilitoka nyepesi na harufu yake haikueleweka. Yote ikaenda kwa nguruwe wa jirani, na maduka matatu yakakaa siku mbili bila mzigo. Moja likatafuta mtu mwingine.

Nilirudia hesabu usiku huo kwa matatu, na kosa lilikuwa dogo hadi linauma. Kuna digrii mbili tofauti. Kuna digrii ya kusoma kwa geji, inayokuambia uko wapi. Hiyo ndiyo unatoa 32. Halafu kuna digrii ya hatua, inayokuambia umepanda kiasi gani. Hiyo 32 haihusiki kabisa. Ni kama Ruiru hadi Thika: haijalishi umeanza kuhesabu kutoka Nairobi ama kutoka Juja, umbali kati yao ni ule ule. Lakini inajalisha kama unahesabu maili ama kilomita.

Na hatua hazitoshani. Kutoka barafu hadi maji yanayochemka, Selsiasi inahesabu hatua 100. Farenhaiti inahesabu kutoka 32 hadi 212, hatua 180. Kwa hivyo hatua moja ya Selsiasi ni 1.8 za Farenhaiti. 2.326 mara 1.8 ni 4.187. Hiyo ndiyo namba nzima ya kubadilishia. 0.93 mara 4.187 ni 3.89, si 2.16. Maziwa ya Tata yalihitaji yuniti 3.5, na hapo sijahesabu yale maji ya kati ya kuta.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba Tata alikuwa ameniuliza mapema, "Lakini maziwa si karibu yote ni maji?" Nikamcheka. Ni kweli, kama asilimia 87 ni maji. Na Btu yenyewe ilitengenezwa kwa maji: paundi moja, digrii moja, Btu moja. Kwa hivyo maji ni 1 kule, na ni 4.19 huku. Maziwa yakiwa 0.93 kule, huku lazima yawe chini ya 4.19 kidogo tu. Mimi nilileta nusu na sikushtuka. Yeye angeshtuka, kama ningemwonyesha.

Wasee, tunaishi na vipimo viwili na hatujali. Ploti ya Ruiru ni 50 kwa 100, futi. Bomba ni nusu inchi. AC ni Btu 12,000. Lakini maziwa ni lita na stima ni kilowati. Siku moja vitakutana kwa kitu chako, na hautauliza kwa sababu hutaki kuonekana hujui.

Nilinunua hita ya pili kwa pesa yangu, na fundi wa stima akavuta waya wake pekee. Sasa inachukua saa moja na kitu. Kwa geji nimeandika 185 na maka penni nyekundu, ndiyo 85 yetu. Lile duka bado halijarudi. Tata bado ananipigia kuuliza vitu, na sasa nikiwa sijui, namwambia sijui.