Karo Kutoka Mikokoni

Msomaji, ukitoka Malindi kwenda Kilifi utaupita msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Jamaa nyingi zinazopakana nao zimeutegemea kwa kuni, magogo na nyama. Mtoto akikosa karo, shoka huwa karibu.

Mwaka 2001, shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo cha mafunzo huko Watamu, lilianzisha mpango wa ASSETS. Ada za wageni waliovuka daraja la kuning'inia katika mikoko ya Mida zikasaidia kulipia watoto wa majirani wa msitu shule za upili. Wazazi nao huahidi kuulinda msitu na kupanda miti.

Ukitozwa kiingilio Mida, msomaji, usinung'unike. Mti uliosimama nao husomesha.