Mkono Ulionishika

Kila mwaka mwezi wa kumi na moja kanisa letu hapa Nyarugusu linafanya ibada ya shukrani. Mwenye kuku analeta kuku, mwenye kikombe cha maharage ya mgawo analeta hicho hicho, na asiye na kitu anapewa dakika tano za ushuhuda. Ushuhuda wangu wengi mnaujua, na najua wengine mmeuchoka. Mwaka 1996, usiku, boti ya mbao kutoka upande wa Fizi, mawimbi, sisi wote majini, na mimi kijana wa miaka 15 nimekumbatia dumu tupu la mafuta mpaka wavuvi wakanitoa. Nilikuwa namaliza hivi: "Mungu alinishika mkono!" Kwaya inaitikia, ngoma zinalia, nakaa chini natoka jasho.

Kaka yangu mkubwa alikuwa kwenye boti ile ile. Hiyo nilikuwa naipita haraka, au naiacha kabisa, maana ushuhuda unatakiwa ujenge watu. Mke wake alikuwa ametangulia siku mbili na mtoto mgongoni. Alitungojea ufukweni Kigoma, nikafika mimi peke yangu.

Shemeji aliacha kuja kanisani miaka mingi iliyopita. Watu walisema amerudi nyuma kiroho, na mimi nilisema hivyo hivyo. Juzi juzi, nimeenda kumsaidia kufunga turubai lililopasuka, nikamwambia aje kwenye shukrani, asizuie baraka zake. Hakukasirika. Aliendelea kuchambua maharage kwenye ungo, kisha akasema: "Shemeji, wewe Mungu alikushikaka mukono. Sawa. Na mukono ya bwana yangu, hakuionaka?"

Sikuwa na jibu. Niligonga misumari, nikaaga.

Siku zile nilisoma tena habari ya wakoma kumi katika Luka 17, ile tunayohubiriwa kila ibada ya shukrani ili tuwaseme wale tisa. Safari hii niliwahurumia. Walikuwa wanakaa nje ya kijiji, mbali na watu wao, kama sheria ilivyotaka. Yesu mwenyewe ndiye aliwaambia waende kwa makuhani, wakapona wakiwa njiani. Mimi nikipewa karatasi ya kutoka hapa leo, nadhani nitakimbia kwanza kwa watoto wangu. Yesu aliwauliza wako wapi, ni kweli, na swali lile lilikuwa na uchungu, lakini sioni mahali palipoandikwa kwamba aliwarudishia ukoma. Kwa hiyo mtu akiniambia tena kwamba asiyeshukuru Mungu anamfungia mlango, nitamwomba anionyeshe mstari. Aliyerudi alikuwa Msamaria, na Yesu akamwita mgeni. Sisi wa kambini neno hilo tunalisikia kwa sikio letu wenyewe.

Jirani yangu Mkatoliki aliniongezea jambo ambalo sisi walokole huwa hatulisemi sana. Neno Ekaristi ni la Kigiriki, maana yake ni kushukuru. Usiku ule wa kusalitiwa, Yesu alishika mkate akashukuru, huku akijua kesho yake kuna nini. Hapakuwa na boti ya kumwokoa. Basi ile shukrani haikuwa ya mtu aliyepona kuliko wenzake, na yangu miaka yote ilikuwa hivyo. Nilikuwa nashukuru kama mtu aliyeitwa jina kwenye orodha, wakati wasioitwa wamesimama pembeni wananisikiliza.

(Ndugu zetu wa mashirika, nanyi niwaambie kidogo. Mkija na wageni tunawapigia makofi, hata kwenye mgawo uliopunguzwa. Mengine ni shukrani ya kweli. Mengine ni woga tu, na mtu aliyezoea kumshukuru binadamu kwa woga ni rahisi kumshukuru na Mungu hivyo hivyo.)

Zaburi pia zina vilio vingi, watu wanamuuliza Mungu amelala mpaka lini, na kilio hicho kiko kitabu kimoja na sifa. Hakuna aliyekichana akakitoa. Nikajiambia, shemeji yangu swali lake ni la humo humo ndani ya Biblia, mimi ndiye nilimhesabu amepotea.

Mwezi wa kumi na moja uliopita nilisimama tena. Nilitaja jina la kaka kwanza. Nikasema hakuwa na dhambi kunizidi, wala mimi sikuwa na imani kumzidi, na kwa nini nilitoka mimi sijui. Nikasema nashukuru kwa wavuvi wale, kwa watoto niliowazaa hapa, kwa miaka ambayo yeye hakuipata. Sauti ikakatika. Hakuna aliyeitikia amina. Mwongoza ibada aliona mambo yamekuwa mazito, akaanzisha pambio.

Jioni nikaenda kwa shemeji. Habari zilikuwa zimeshamfikia, kambi haina siri.

"Ulitajaka jina yake?"

"Nilitaja."

"Yote mbili? Ya ubatizo na ile ya nyumbani?"

"Yote mawili."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote, shemeji."

Akanisogezea kigoda. Kanisani hajarudi mpaka leo, na sijamwambia tena arudi. Turubai lake linavuja upande ule ule, Jumamosi nitapanda tena.