Tuliokunywa Mchangani

Kaskazini mwa Mkoa wa Singida, tunakopakana na bonde la Ziwa Eyasi, mvua ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa mwaka na kuisha Aprili. Zikikosa, mwaka mzima umekwenda, na ziwa lenyewe halikusaidii kitu, maji yake ni ya chumvi.

Mwaka 2005 zilikosa. Kijiji chetu kilikuwa Wilaya ya Iramba, kabla Mkalama haijawa wilaya mwaka 2012. Nilikuwa mjane mwenye watoto wadogo na mama mkwe mzee. Mahindi yalikauka yakiwa yanatoa mbelewele. Ng'ombe tuliwauza kwa bei ya kutupa, wengine wakafia malishoni. Mwaka uliofuata hata mijini waliiona shida hiyo: maji ya bwawa la Mtera yalipungua, nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme.

Maji tuliyapata mchangani. Korongo likikauka juu, chini hubaki maji ambayo jua haliyafikii. Unafukua hadi shimo likufike kiunoni, unangoja yajikusanye, unachota kwa kata. "Taratibu mwanangu, utayatibua," mama mkwe aliniambia kila alfajiri. Shimo tulilizungushia miiba, mifugo isiingie.

Yeye ndiye aliyepanda mtama na uwele wakati sisi wengine tunang'ang'ania mahindi. Mtama ukikosa maji hukunja majani na kusimama kukua. Mvua ikinyesha tena, unaendelea. Alichovuna kilikuwa kidogo, lakini kilitosha uji, na mlenda mkavu alikuwa ameuhifadhi.

Uji na mlenda vilipoisha, waliotuokoa ni Wahadzabe wa upande wa Munguli. Ni watu wachache, elfu moja na ushei, na lugha yao yenye sauti za vidoko haijaonekana kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Nimekua nikisikia wakiitwa watu wa porini, kwa dharau. Mama mmoja wa Kihadzabe alinichukua pamoja na wenzake, wameshika vijiti vilivyochongwa ncha. Alifuata mmea unaotambaa hadi shinani, akagonga ardhi, akasikiliza. Mlio ulimwambia kama chini kuna mzizi wa kufaa. Akachimba kati ya mawe, tukaubabua motoni, tukatafuna na kutema makapi. Utamu wake ni hafifu, ila una maji, na mtoto wangu mdogo, aliyekuwa ameacha hata kulia, alitafuna akaomba tena. Walitupatia na ubuyu. Unga wake tuliukoroga kwenye maji, mbegu tukazitwanga, hatukutupa kitu. Hakuna aliyetudai chochote.

Mvua zilirudi mwishoni mwa 2006. Watoto wangu wote walikuwa hai, na Mungu namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Jambo linaloniuma ni kwamba pori lile la Munguli linaendelea kumegwa kwa mashamba na malisho, na wanaolimega ni sisi tuliolishwa nalo. Mbuyu hauoti ukazaa ndani ya miaka michache. Mimi sasa hutanguliza mtama na uwele, mahindi baadaye. Na kila mkutano wa kijiji unapoleta hoja ya kufyeka upande wa Munguli, nasimama mbele ya wanaume na wanawake, nawaeleza nilichokula humo na nani alinipa.